Wachache Waliwatawalaje Wengi?

Umekwisha jifunza kusoma. Sasa unaweza kusoma habari za zamani wewe mwenyewe, bila kungoja kusimuliwa. Basi leo tufikiri pamoja juu ya swali moja. Wakoloni walikuwa wachache sana. Wilaya nzima yenye maelfu ya watu ilikuwa na Bwana D.C. mmoja, wasaidizi wake wachache na askari wachache. Watu hao wachache waliwezaje kututawala sisi wengi, tena kwa miaka zaidi ya sabini?

Wengi hujibu upesi: "Walikuwa na bunduki." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Bunduki huweza kushinda vita vya siku moja. Bunduki haiwezi kulinda kila shamba, kila zizi na kila njia, usiku na mchana. Mtu hatawaliwi miaka sabini kwa bunduki tu. Ziko njia nyingine, na njia hizo ni za kimyakimya. Maoni yangu ni kwamba njia hizo za kimyakimya ndizo zilizotuumiza zaidi. Tena njia hizo hazina rangi. Mzungu alizitumia. Mtu mweusi pia anaweza kuzitumia. Kwa hiyo inatupasa tuzijue, ili tukiziona tena tuzikatae.

NJIA YA KWANZA: KARATASI

Mwezi wa Novemba mwaka 1884, wakubwa wa nchi 14 walikutana mjini Berlin, Ujerumani. Walizungumza habari za Afrika hadi Februari mwaka 1885. Waliwekeana masharti ya kugawana bara letu. Katika mkutano huo hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Ni kama majirani wakutane nyumbani kwa mtu wa mbali, wapange namna ya kugawana mashamba yako, nawe hujaambiwa.

Wakati huohuo, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Peters alikuwa anapita huko Usagara na sehemu za karibu. Alikuwa na karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Alikutana na watawala wa huko, akawapa zawadi, akawaambia waweke alama kwenye karatasi. Mmoja wao alikuwa Mangungo wa Msovero. Karatasi ilisema kwamba Mangungo ameitoa nchi yake yote kwa Wajerumani. Mangungo hakujua Kijerumani. Mwezi wa Februari mwaka 1885 Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuzilinda nchi hizo, yaani kuzifanya mali yake.

Hata leo watu humcheka Mangungo. Mtu akidanganywa, wenzake humwambia, "Umefanya kama Mangungo." Mimi sikubali dhihaka hiyo. Kwanza, Mangungo alidanganywa, na mdanganyifu ndiye mwenye kosa. Pili, hakuna mtawala wa Kiafrika wa siku zile aliyekuwa na uwezo wa kuiuza nchi. Nchi ilikuwa ya ukoo, ya wazee waliokufa na ya watoto ambao hawajazaliwa. Karatasi ile ilikuwa batili hata kama angeielewa. Tatu, Wajerumani wangekuja tu, kwa karatasi au bila karatasi. Karatasi ilikuwa ya kuwaonyesha Wazungu wenzao, ili wasigombanie nyama moja.

Lakini tusimcheke Mangungo kwa sababu nyingine pia. Je, sisi tunaomcheka tunasoma kila karatasi kabla ya kuweka sahihi? Je, hatujaona mtu akitia kidole gumba kwenye karatasi ya mkopo, au ya shamba, bila kujua imeandikwa nini? Anayefanya hivyo leo hana haki ya kumcheka mtu wa mwaka 1884. Mangungo hakuwa na shule. Sisi tunayo.

NJIA YA PILI: KODI

Wajerumani walipokwisha kushika nchi, walitaka watu wafanye kazi katika mashamba yao na katika njia zao za reli. Lakini mtu wa Usukuma alikuwa na mtama wake, ng'ombe wake, maziwa yake na nyumba yake. Kwa nini aende kufanya kazi kwa mgeni? Hakuwa na shida ya fedha, kwa sababu chakula chake hakikununuliwa kwa fedha.

Ndipo ikaja kodi ya nyumba. Wajerumani waliianzisha mwaka 1898. Kijijini kila nyumba ililipiwa rupia tatu kwa mwaka. Tazama, msomaji, jinsi jambo hili lilivyokuwa la ujanja. Rupia haiotwi shambani. Rupia haikamuliwi kwa ng'ombe. Rupia ilikuwa mkononi mwa Mzungu. Basi ili uipate ilikubidi ufanye kazi kwa Mzungu, au ulime zao analolitaka Mzungu, au uuze ng'ombe kwa bei ya mnunuzi. Hakuna aliyekufunga kamba. Ulikwenda mwenyewe, kwa miguu yako. Kodi ilikusukuma.

Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, waliendelea na kodi. Asiyelipa aliweza kufungwa, au kulazimishwa kufanya kazi ya barabara. Watu wa zamani waliitunza stakabadhi ya kodi kama roho yao.

Wengine watauliza, "Je, hata leo hatulipi kodi?" Ndiyo, tunalipa. Kila nchi hukusanya kodi. Bila kodi hakuna dawa zahanati, wala mshahara wa mwalimu. Ubaya wa kodi ya mkoloni haukuwa katika jina lake. Ubaya ulikuwa katika mambo mawili. Kwanza, mlipaji hakuulizwa. Pili, mlipaji hakuelezwa fedha yake imefanya nini. Kwa hiyo kodi yoyote inayokusanywa bila kuulizana na bila kuelezana ina harufu ya ukoloni, hata kama mkusanyaji ni ndugu yako. Kodi ya kichwa, iliyoitwa kodi ya maendeleo, ilifutwa katika nchi yetu mwaka 2003. Lakini ushuru na michango bado ipo. Basi swali la kuuliza ni lile lile: nani aliamua, na fedha imekwenda wapi?

NJIA YA TATU: ZAO LA LAZIMA

Katika miaka ya 1900 Wajerumani walitaka pamba kwa viwanda vya nguo vya kwao. Kuanzia mwaka 1902 waliwalazimisha watu wa pwani ya kusini na Rufiji kulima mashamba ya pamba ya pamoja. Watu waliacha mashamba yao ya chakula, wakalima pamba ya mkubwa. Malipo yalikuwa madogo mno. Waliokataa walichapwa viboko.

Mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba. Hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Makabila mengi ya kusini yaliungana. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Vita vilikwisha mwaka 1907. Watu wengi sana walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa.

Vita hivyo vilikuwa mbali na Usukuma. Lakini zao lililovianzisha ni hili hili tunalolima hapa Mkula. Mkoa wetu wa Simiyu leo unaongoza kwa pamba katika Tanzania. Pamba yenyewe haina kosa. Pamba imesomesha watoto, imeezeka nyumba bati na kununua majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Mmea ule ule ulileta vita mahali pamoja na mabati mahali pengine. Tofauti ni nini? Tofauti ni nani aliyeamua kulima, na nani aliyepanga bei.

NJIA YA NNE: KUMGEUZA MTEMI

Hii ndiyo njia iliyo karibu nasi zaidi, nami naomba uisome polepole.

Zamani Usukuma ilikuwa na watemi wengi. Mtemi aliheshimiwa sana. Lakini mtemi hakuwa juu ya watu kabisa. Kulikuwa na wazee waliomchagua. Mvua isiponyesha, au mtemi akiwa mbaya, wazee hao waliweza kumwondoa. Chakula kilichopelekwa kwake kilitakiwa kiwasaidie watu siku ya njaa. Kwa maneno mengine, mtemi aliwaogopa watu wake kidogo, na watu walimwogopa mtemi kidogo. Hivyo mzani ulikaa sawa.

Mwaka 1925 alikuja Gavana wa Kiingereza aitwaye Donald Cameron. Alikuwa amefanya kazi Nigeria, ambako Waingereza walikuwa wakitawala kwa kupitia machifu. Akaleta njia hiyo Tanganyika. Mwaka 1926 ilitungwa sheria ya utawala wa wenyeji. Kuanzia hapo mtemi alikuwa mtumishi wa serikali. Alikusanya kodi. Alihukumu kesi. Alitangaza amri za D.C. Alipata mshahara kutoka katika hazina iliyotokana na kodi hiyo hiyo.

Waingereza walisema, "Tunaheshimu mila zenu." Lakini tazama kilichotokea. Mtemi akiwakosea watu, watu hawakuweza tena kumwondoa bila kibali cha D.C. Mtemi akimkosea D.C., aliondolewa upesi. Basi mtemi afanyeje? Mtu humwogopa anayeweza kumfukuza kazi. Mtemi aliacha kuwatazama watu wake, akaanza kumtazama D.C. Kiti kilikuwa kile kile, jina lilikuwa lile lile, lakini mzani ulikuwa umevunjika.

Wako watemi waliojitahidi kuwatetea watu wao. Tusiwahukumu wote pamoja. Lakini hata aliye mwema alikuwa amefungwa. Mwaka 1945 Waafrika wawili wa kwanza waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Wote wawili walikuwa machifu: Abdiel Shangali wa Kilimanjaro na Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Hawakuchaguliwa na watu. Waliteuliwa na Gavana.

Ujanja wa njia hii ni huu: mwananchi akichukia kodi, humchukia mtemi. Akichukia amri, humchukia mwanangwa aliyeileta nyumbani kwake. Mzungu amekaa mbali, mikono yake ni safi. Ndugu wanagombana, naye anaitwa kuwapatanisha.

NJIA YA TANO: JAMBO JEMA KWA FIMBO

Kuanzia mwaka 1947 hadi 1956, Waingereza walifanya mpango mkubwa wa maendeleo Usukuma. Walisema udongo unachakaa, na ng'ombe ni wengi mno. Wakatoa amri nyingi. Kila mtu alime kwa matuta yaliyofungwa, ili maji ya mvua yasikimbie. Kila mtu atie samadi shambani. Watu wapunguze ng'ombe. Amri hizo zilitangazwa na watemi. Aliyezivunja alitozwa faini au alifungwa.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na maana. Matuta yaliyofungwa huzuia maji kweli. Samadi huongeza mazao kweli. Hata leo bwana shamba anatuambia hayo hayo. Lakini watu waliyachukia matuta, na mkoloni alipolegea wengi waliyaacha. Kwa nini? Kwa sababu yaliletwa kwa fimbo. Hakuna aliyewauliza wakulima kazi ya matuta itafanywa na nani, wakati mikono ni ile ile na mvua ni ile ile. Hakuna aliyeuliza ng'ombe ni nini kwa Msukuma. Mzungu aliona ng'ombe kuwa nyama tu. Kwetu ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni samadi na ni maziwa ya watoto.

Jambo jema likiletwa kwa fimbo huonekana baya. Mtu akichapwa ili ale chakula kizuri, ataikumbuka fimbo na kukichukia chakula. Hilo ni funzo kwa kila kiongozi wa leo, awe wa kijiji, wa wilaya au wa taifa.

NJIA YA SITA: KUTUGAWA

Mkoloni alipanga watu kama mafungu ya samaki sokoni. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika alilima pamba. Kwa muda mrefu wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Mkulima akipunjwa kwenye mizani, alimkasirikia Mhindi. Hakumwona mwenye kupanga biashara yenyewe.

Mwaka 1954 chama cha TANU kiliundwa. Serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Usukuma mpaka mwaka 1958. Unaona basi, msomaji, jinsi walivyowaogopa wakulima wa pamba. Mwaka 1958 huko Geita serikali ilitaka kuweka baraza la wilaya lenye watu wa rangi zote tatu, bila watu kukubali. Waafrika walikuwa ndio karibu watu wote wa wilaya hiyo. Wananchi walikataa. Maelfu walikusanyika, na wengi walikwenda mpaka Mwanza kudai haki. Polisi waliwatupia mabomu ya machozi. Lakini mwisho serikali iliacha mpango wake. Wakulima wasio na bunduki waliishinda serikali kwa umoja.

JINSI WAKULIMA WALIVYOISHIKA MIZANI

Kwa kuwa tunazungumza habari za umoja, tukumbuke jambo kubwa zaidi lililofanywa na watu wa Kanda ya Ziwa. Wakulima walikuwa wanapunjwa. Mtu alibeba pamba yake kichwani, akafika kwa mnunuzi, akaambiwa uzito. Hakujua kusoma mizani. Alipokea fedha aliyopewa, akaenda zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wa kupima pamba. Mkulima alijua uzito wa pamba yake kabla hajafika kwa mnunuzi. Jambo dogo, siyo? Lakini lilimnyang'anya mnunuzi silaha yake kubwa, yaani kutojua kwa mkulima. Kutoka hapo vyama vya ushirika viliota kila mahali. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana, vikafanya Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Kiongozi wake alikuwa kijana Paul Bomani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, muungano huo ulikuwa unashika karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa, tena ulikuwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha.

Wakulima hawa hawakuanza kwa kupiga mtu. Walianza kwa kusoma mizani.

JE, HAWAKULETA MEMA?

Wako wanaosema, "Mkoloni alituletea reli, shule na hospitali. Tusiseme mabaya tu." Ni haki kulijibu neno hilo.

Reli ya Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Lakini tazama inakwenda wapi. Inatoka penye pamba, inakwenda bandarini. Iliwekwa ili ichukue mali. Kwamba sisi tunaipanda leo ni jambo jema, lakini siyo sababu iliyoifanya ijengwe. Na shule? Hesabu ya watu ya mwaka 1967, miaka sita baada ya Uhuru, ilionyesha kwamba karibu watu wazima wawili kati ya kila watatu hawajui kusoma. Baada ya miaka zaidi ya sabini ya utawala wa wageni, hilo ndilo lililobaki. Mtawala anayependa watu wake hawaachi gizani miaka yote hiyo.

Si ajabu kwamba mwaka 1968 mradi mkubwa wa kufundisha watu wazima ulianza kwenye Kanda ya Ziwa, katika nchi ya pamba. Wakulima walijifunza kusoma pamoja na kilimo, afya na hesabu. Kitabu unachoshika sasa ni mjukuu wa kazi ile.

FIMBO ILIYOBAKI

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kusema, "Mkoloni amekwenda, mambo yamekwisha." Lakini nilisema njia hizi hazina rangi. Basi tuseme ukweli wote.

Mwaka 1974 watu wa mikoa mingi, pamoja na Usukuma, walihamishiwa vijijini. Nia ilikuwa watu wapate shule, maji na zahanati. Nia hiyo ilikuwa njema, na shule nyingi zilijengwa kweli. Lakini katika sehemu kadhaa za nchi watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali. Vyama ambavyo wazazi wetu walivijenga kwa kusoma mizani viliondolewa bila wenyewe kuulizwa. Sheria mpya ilivirudisha mwaka 1982, lakini uaminifu uliovunjika haurudi kwa sheria tu.

Waliofanya hayo hawakuwa Wazungu. Walikuwa viongozi wetu, na wengi wao waliipenda nchi yao. Lakini waliikuta fimbo ya mkoloni ofisini, nao wakaitumia. Hilo ndilo jambo la kuogopa. Utawala mbaya ni kama magugu ya shambani. Ukimfukuza aliyeyapanda, magugu hayaondoki. Lazima uyang'oe kila msimu.

KAZI YETU

Tutayang'oaje? Mimi nasema tuanze na mambo yaliyo karibu na mkono wetu hapa kijijini.

Kwanza, usiweke sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Isome. Ukishindwa, mwite mtoto wako au mwanafunzi mwenzako akusomee mara mbili. Kama mwenye karatasi ana haraka sana, hiyo peke yake ni sababu ya kungoja.

Pili, simama karibu na mizani pamba yako inapopimwa. Soma namba wewe mwenyewe. Iandike. Zidisha kilo kwa bei. Linganisha na fedha uliyopewa na stakabadhi uliyopewa. Karani mwaminifu hachukii kuangaliwa.

Tatu, uhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka kumi na minane au zaidi ni mjumbe, mwanamume na mwanamke. Mkutano huo unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Yasiposomwa, uliza kwa adabu. Ukijibiwa kwa hasira, uliza tena kwa adabu. Kuuliza si utovu wa heshima. Hata wazee wetu waliweza kumwuliza mtemi.

Nne, wewe uliyechaguliwa kuwa kiongozi, jiulize kila siku: Ninamwogopa nani? Kama unamwogopa mkubwa wa juu tu, na huwaogopi hata kidogo watu waliokuchagua, basi umekalia kile kiti cha mtemi wa mwaka 1926.

Wachache waliwatawala wengi kwa sababu wengi hawakujua karatasi inasema nini, mizani inasoma nini, na fedha imekwenda wapi. Sasa unajua kusoma. Usiiweke elimu hii kabatini kama nguo ya sikukuu. Ivae kila siku, shambani, kwenye mizani na mkutanoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Wajerumani walitoza kodi ya nyumba kwa fedha, badala ya kutaka mtama au ng'ombe?

2. Mtemi wa zamani na mtemi wa wakati wa Waingereza walitofautiana nini?

3. Mwandishi anasema tusimcheke Mangungo. Je, unakubali? Toa sababu.

4. Taja jambo moja jema lililoletwa kijijini kwenu kwa kulazimisha. Je, watu walilipokea vipi? Lingeletwa kwa njia gani bora?

5. Mara ya mwisho mapato na matumizi ya kijiji chenu yalisomwa lini? Mtafanya nini ili yasomwe katika mkutano ujao?